Je, Rais wa Marekani na Makamu Wake Wamewahi Kutoka Vyama Tofauti?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Katika somo la Uraia tumefundishwa kwamba hapa nchini mgombea urais na mgombea mwenza wake hutoka chama kimoja. Mwenzangu anadai kwamba Marekani imewahi kuwa na Rais wa chama hiki na Makamu wa chama kile. Je, ni kweli? Na Makamu wa namna hiyo akirithi kiti, inakuwaje?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amesema kweli, tena hali hiyo ilijitokeza mapema, mara tu George Washington, ambaye hakuwa na chama, alipong'atuka. Katiba yao wakati huo haikuwa na utaratibu wa mgombea mwenza. Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyewakilisha jimbo lake katika kumchagua Rais, alipigia kura watu wawili bila kubainisha yupi awe Rais. Aliyeongoza alishika urais, na aliyemfuatia akawa Makamu. Mwaka 1796 John Adams wa chama cha Federalist alipata kura 71. Chama chake kilimtaka Thomas Pinckney awe Makamu, lakini baadhi ya wajumbe wao, wakihofia kwamba Pinckney angeweza kumpita Adams mwenyewe, walimnyima kura zao za pili, naye akaambulia 59. Thomas Jefferson wa chama cha Democratic-Republican, mpinzani mkuu wa Adams, akapata 68 na kuwa Makamu wake.

Mwaka 1800 Jefferson na mwenzake wa chama, Aaron Burr, walifungana kwa kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likalazimika kupiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapatikana kuwa Rais. Marekebisho ya 12 ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1804, yakatenganisha kura ya Rais na ya Makamu.

Mara nyingine ilikuwa kwa makusudi. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Abraham Lincoln wa Republican alisimama pamoja na Andrew Johnson, mwanachama wa Democratic kutoka Tennessee aliyekataa kulifuata jimbo lake lilipojitenga. Lincoln alipouawa Aprili 1865, Johnson alirithi kiti huku Bunge likiwa mikononi mwa Republican, na wakagombana vikali kuhusu haki za watu waliotoka utumwani. Mwaka 1868 Johnson alishtakiwa mbele ya Seneti: maseneta 35 walimtia hatiani na 19 wakakataa, lakini kumwondoa kulihitaji theluthi mbili, yaani 36, hivyo akaponea kwa kura moja tu. Kwa maoni yangu, hakuna mfano unaojibu swali lako la pili vizuri zaidi: urais humfuata Makamu, si chama cha aliyeondoka.

Hapa kwetu Katiba imeziba mwanya huo. Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amerithi kiti kutoka kwa Hayati John Magufuli, alipendekeza jina la Philip Mpango awe Makamu, na Bunge likamthibitisha hapa Dodoma. Ibara ya 37 inamtaka Rais ashauriane kwanza na chama chake. Kiti cha Makamu kikiwa wazi, Marekebisho ya 25 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1967, yanadai tu idhini ya mabaraza yote mawili ya Bunge na hayataji chama. Hata hivyo, waliopatikana kwa njia hiyo ni wawili tu, Gerald Ford mwaka 1973 na Nelson Rockefeller mwaka 1974, na wote walikuwa Republican kama marais waliowateua.