Dawa chungu na mtoto anayeitema

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka miwili na uzito wa kilo 11. Mwezi uliopita alikutwa na malaria, tukapewa dawa mseto ya ALu katika zahanati ya karibu. Nilikiponda kidonge cha kwanza nikakichanganya katika kikombe kizima cha uji. Akanywa nusu, akakataa iliyobaki, na hadi leo akiuona uji hulia. Vidonge vilivyofuata tulimnywesha kwa kumbana pua. Je, uchungu wa dawa unafichwaje? Na je, asali inafaa? (Mama, Morogoro)

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, mama. Kukiponda kidonge cha ALu hakukuwa kosa, kwa kuwa dawa hiyo inaruhusiwa kupondwa kwa ajili ya watoto wasioweza kumeza. Tatizo lilikuwa wingi wa uji. Dawa ilipoenea katika kikombe kizima, nusu iliyobaki ilibaki na takriban nusu ya dozi, na mtoto naye akajifunza kuuogopa uji, chakula anachokihitaji kila siku.

Ulimi huutambua uchungu pale tu dawa inapoyeyuka katika mate na kuvifikia vipokezi vya uchungu, ambavyo kwa binadamu ni vya aina 25 hivi. Kwa hiyo njia ya kwanza ni kupunguza muda na eneo la dawa kukutana na ulimi. Koroga kidonge kilichopondwa katika kijiko kimoja au viwili vya maji safi, ukiongeza sukari kidogo ukipenda. Mpakate mtoto akiwa ameketi wima, kisha tumia bomba la sindano lisilotiwa sindano kumiminia dawa upande wa ndani wa shavu, kidogo kidogo, ukimpa nafasi ya kumeza kila mara. Kijiko cha mtindi wa baridi kabla ya dawa nacho husaidia, kwa sababu ubaridi hupunguza makali ya ladha. Suuza kikombe kwa maji kidogo na kumpa maji hayo pia, maana unga wa dawa hung'ang'ania pembeni.

Mara amezapo, mpe maziwa au chakula chenye mafuta, kama vile uji wa karanga akishauzoea tena. Hapa mama asidhani anambembeleza tu: lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika mseto huo, hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta, hivyo kinachouondoa uchungu mdomoni ndicho kinachoisaidia dawa kufanya kazi. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi hiyo hurudiwa, nawe urudi zahanati kuongezewa kidonge ili mpango wa siku tatu usikatike.

Kumbana pua nakuomba sana usikurudie, kwani mtoto anayelia huku akilazimishwa kumeza anaweza kuivuta dawa katika njia ya hewa. Wala usimwambie kuwa dawa ni pipi. Siku atakayoikuta mezani peke yake ataitafuta kama pipi. Asali inafaa kwa umri wake, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata tone, kwa hatari ya botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

Mara nyingine uulize kama kuna vidonge vinavyoyeyuka katika maji. Kampuni ya dawa ya Novartis na taasisi ya Medicines for Malaria Venture walivitoa vya ALu mwaka 2009 vikiwa na ladha ya cheri, baada ya kulinganishwa na vidonge vya kupondwa kwa watoto wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Zanzibar, na uponyaji ukaonekana kukaribiana. Ninaamini kila mtoto mdogo anastahili dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake, si ya mtu mzima iliyogawanywa.

SWALI: Baba yangu mzee huponda vidonge vyake vyote na kuvinywa kwa maziwa ili asisikie uchungu. Kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Upo, kwa baadhi ya dawa. Vidonge vinavyoachia dawa polepole, vikipondwa, huweza kuachia kwa mara moja kiasi kilichokusudiwa kwa saa nyingi; na vingine vina ganda la kuzuia dawa isiharibiwe na asidi ya tumbo au isiliumize tumbo lenyewe. Maziwa nayo hushikana na siprofloksasini na tetrasaiklini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, zikafyonzwa pungufu. Mpelekee mfamasia paketi zote, akuonyeshe moja baada ya nyingine ipi ipondwe na ipi imezwe nzima kwa maji, na kwa ile isiyomezeka aulizwe kama inapatikana ya maji.