Jibu: William Henry Lewis hayumo kwenye orodha ya Kongresi

Habari ndugu. Umesema unaandika kuhusu William Henry Lewis, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani chuoni aliyekuja kuwa wakili na mbunge, na umepekua orodha ya Kongresi, yaani bunge la taifa la Marekani, humwoni.

Angalia kwanza ni bunge lipi. Lewis alikuwa mbunge Boston, si Washington: Baraza la Wawakilishi la jimbo la Massachusetts, mwaka 1902, kipindi cha mwaka mmoja tu. Kabla ya hapo alikuwa diwani Cambridge. Nami nilikwama papo hapo nilipowaandalia wanafunzi wangu somo lake, kwa sababu kwetu "jimbo" ni eneo la uchaguzi, wakati Massachusetts ina bunge lake, gavana wake na sheria zake.

Kwenye mpira, tafadhali usiandike "kiungo". Senta wa futiboli ya Kimarekani husimama katikati ya mstari wa mbele, akapitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, mchezo ukaanza. Lewis alikuwa nahodha wa timu ya Chuo cha Amherst mwaka 1891, kisha akacheza senta Chuo Kikuu cha Harvard huku akisomea sheria. Mwaka 1892 na 1893 aliwekwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika hapo. Wazazi wake walikuwa watumwa Virginia. Hilo usiliache kabisa.

Ukikuta "Mwanasheria Mkuu Msaidizi", hicho ni cheo cha serikali kuu, alichopewa na Rais Taft wa Marekani mwaka 1911. Usikichanganye na ubunge.