Maswali Yenu: Vinanda, Chapa na Ubishi Usiokwisha

SWALI: Nimetazama video nyingi zinazoshindanisha piano ya Yamaha na ya Roland. Watoa maoni hugawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi naisikia Roland imejaa zaidi. Ni kweli, au nami nimeambukizwa ushabiki?

JIBU: Huenda ni kweli, ila video haiwezi kukuthibitishia. Ukisikilizishwa sauti mbili zinazokaribiana, ile iliyo juu kidogo ndiyo utakayoiona nzuri, hata ikizidi kwa desibeli 1 tu, na wala hutajua kwamba kilichokuvutia ni ukubwa wake. Isitoshe, mara nyingi kinanda kimoja kimerekodiwa kwa simu mbele ya spika zake na kingine kwa waya. Hapo unalinganisha spika na chumba. Na mrekodi naye ana chapa yake: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Ukipata vinanda vyote viwili, fanya hivi. Viunganishe kwa waya kwenye mikisa moja (mashine ya kuchanganya sauti), kutoka tundu la kutolea sauti au la hedifoni. Zima mwangwi na madoido yote, na ikwalaiza (kirekebisha besi na trebo) iwe kati. Piga faili moja ya MIDI (maagizo ya noti za kupigwa, si sauti yenyewe) yenye piano peke yake kwenye vyote viwili, ili mkono wako usiingilie, kisha sawazisha sauti kwa kutazama mita ya mikisa, si kwa sikio. Mwenzako arushe sarafu kuamua kipi kilie, nawe ukiwa umegeuka utaje ni kipi, mara 10. Ukipatia 9 au zaidi, tofauti unaisikia kweli, maana anayebahatisha hufika hapo mara 11 tu katika 1,024. Ukipatia 7 usishangilie: mbahatishaji hupata 7 au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio sita.

Hata ukishinda, umethibitisha tu kwamba vinatofautiana. Kipi kizuri ni suala la sikio lako, na uzito wa vibonyezo chini ya vidole haumo katika jaribio hili. Huo hupimwa kwa kukaa na kupiga, basi.

SWALI: Rafiki yangu ana Yamaha, mimi nina Korg. Wimbo aliourekodi kwake ukija kwangu, gitaa linageuka sauti nyingine na midundo haiji kabisa. Kundini wananiambia niuze Korg.

JIBU: Usiuze. Tofautisha faili mbili kwanza. Ile ya midundo ya kuandamana, ambayo wapigaji huiita staili, ni ya kila kampuni na yake. Staili ya Yamaha na ya Korg zote zinaweza kuishia na .sty na bado zisisomane, hivyo itabidi uigeuze kwa programu ya kompyuta, kisha urekebishe sauti moja moja. Wimbo uliorekodiwa kama faili ya MIDI ni habari nyingine, huo unasomeka kote.

Ajabu ni kwamba kampuni zilipatana zamani kabla ya mashabiki wao. Januari 1983, katika NAMM, maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko Marekani, sintesaiza ya Prophet-600 ya Sequential Circuits iliunganishwa kwa MIDI na Jupiter-6 ya Roland, chapa mbili tofauti, na moja ikailiza nyingine. Mwaka 1991 ukaja mpangilio wa General MIDI: sauti 128 zenye namba zilezile kila mahali, na ngoma kwenye chaneli (njia ya ala moja ndani ya faili) ya 10.

Tatizo lenu liko nje ya hizo 128. Rafiki yako alichagua sauti tamu ya kinanda chake, na kinanda kikaandika amri za kuchagua benki (kundi la sauti), yaani namba 0 na 32 za vidhibiti, mwanzoni mwa kila chaneli. Korg yako haina benki hiyo, ndiyo maana inachukua sauti nyingine. Mwambie arekodi kwa sauti za General MIDI, au ufungue faili kwenye programu ya kuhariri, ufute amri hizo mbili, na uache namba ya sauti peke yake. Hakikisha pia ngoma ziko chaneli ya 10. Kisha hifadhi kama SMF (faili sanifu ya MIDI) aina ya 0, kwa kuwa baadhi ya vinanda havisomi aina ya 1.

Ukiandika namba za sauti kwa mkono, angalia orodha inaanza na 0 au na 1. Gitaa la nailoni ni 25 kwa anayeanza na 1, na 24 kwa anayeanza na 0. Ukiandika 24 kwenye orodha inayoanza na 1, badala ya gitaa utapata kodiani ya tango. Hali kadhalika noti namba 60: wengine huiita C3, wengine C4. Watu wamegombana usiku kucha juu ya oktavu ambayo haikuhama popote.

SWALI: Pedali niliyonunua inafanya kinyume: nikiachia, sauti inaendelea kuvuma.

JIBU: Kampuni hazikukubaliana kama swichi ya pedali ifungwe au iwe wazi inapotulia. Zima kinanda, chomeka pedali, washa bila kuikanyaga. Vingi husoma hali yake wakati wa kuwaka. Isiposaidia, tafuta swichi ndogo chini ya pedali yenyewe.

SWALI: Kibonyezo kimoja kinapiga kelele kuliko vingine vyote. Je, chapa hii ni mbovu?

JIBU: Ni uchafu. Chini ya kila kibonyezo kuna mpira wenye vitufe viwili vyeusi vya kaboni, na kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kujua umepiga kwa nguvu gani. Vumbi likichelewesha mguso wa kwanza, muda unapungua, na kinanda kinadhani umekibamiza. Kuhakikisha, zima mwitikio wa mguso kwenye menyu: kikilingana na jirani zake, ndipo penyewe.

Chomoa umeme. Panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, kwani ndefu ikiingia pa fupi hutoboa kava. Toa ukanda wa mpira, futa kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kaboni kwa wepesi, na bodi chini yake. Usitumie msasa wala mafuta ya kupulizia. Acha ikauke kabisa. Ukirudisha ukanda, sukuma vipini vyake vyote mpaka vizame. Kimoja kikibaki juu, kelele ile ile itarudi.