Jibu: Leza inapita mara mbili kwenye mstari uleule

Habari ndugu. Unasema mashine yako ya kukatia kwa leza inakata kila mstari mara mbili na kingo za plaiwudi zinaungua. Usiguse nguvu wala kasi ya mashine kwanza. Kosa la namna hii huwa kwenye mchoro.

Hukutaja programu unayochorea, nachukulia ni Inkscape. Bonyeza Ctrl+5 mpaka ibaki mistari mitupu. Ukiona miwili sambamba iliyokaribiana sana, unene wa mstari umegeuzwa umbo, na leza inazunguka pande zake zote. (Picha ambazo kompyuta imezigeuza mistari yenyewe ndizo wakosaji wakuu hapa.) Kurekebisha kunachosha, bora uchore upya juu yake.

Ukiona mmoja tu, ubofye na uusogeze kwa kitufe cha mshale. Mwingine ukibaki palepale, zilikuwa nakala mbili zimelaliana. Futa huo uliousogeza.

Angalia pia vipande ulivyovipanga vikigusana. Upande wa pamoja ni wa vyote viwili, kwa hiyo unakatwa mara mbili. Viachanishe milimita 2, au kwa zana ya vifundo (ya kuhariri nukta zinazounda mstari) ondoa upande wa kimojawapo.