Ukumbi wa sherehe Naivasha: anza na maji, kisha paa

Ndugu, umeuliza kama ukumbi wa watu 150 kando ya Ziwa Naivasha unaweza kuunganisha mawe na magogo na mtindo wa miaka ya 1950, ule wa paa la chini, mistari mlalo na vioo vikubwa. Unaweza, ila anza na maji. Mwaka 2020 ziwa lilifurika hadi mtaa wa Kihoto. Mpima ardhi akuonyeshe kimo ambacho maji yalifika, na sakafu ikae juu yake.

Paa ndilo huamua sura. Nyasi huhitaji mwinamo wa digrii 45, na ule mstari mlalo unaoupenda unapotea. Chukua mabati, digrii 5 hadi 10, upenu wa mita 1.2, boriti zionekane ndani.

Vioo vielekee kaskazini au kusini. Magharibi jenga ukuta mzito wa mawe, la sivyo saa kumi wageni watahama viti. Mbao mbichi za saiprasi hupinda na kupasua kioo: zikauke hadi unyevu wa asilimia 15, na uache milimita 10 kati ya fremu na boriti. Dari ya mbao zenye mianya, na sufi nyuma yake, itameza mwangwi.

Viboko hupanda usiku kula nyasi; weka ukuta mfupi wa mawe upande wa ziwa.