Gamba la brakiopodi halipewi jina kabla ya kuonekana ndani

Juma lililopita msomaji mmoja aliniletea picha tano za visukuku vya brakiopodi, yaani wanyama wa baharini wenye gamba la vipande viwili viitwavyo makombe, akaomba nimsaidie kuchagua jina la spishi mpya. Picha zote zilionyesha sehemu ya nje. Nilipozitazama ulinirudia uchungu wa mswada wangu wa kwanza, ambao jarida moja liliukataa baada ya kazi ya miaka miwili.

Nilikuwa na magamba 63 kutoka tabaka moja la mawe ya chokaa ya Devoni, kipindi cha kale sana cha historia ya dunia. Hatua za mwanzo nilizifanya vizuri, na hilo bado ninajivunia. Niliyatenganisha na ya kome kwa kutazama ulinganifu, kwa kuwa katika brakiopodi mstari wa ulinganifu hukata kila kombe katikati, kuanzia mdomoni, yaani kwenye ncha ya nyuma ya gamba, hadi ukingo wa mbele, ilhali katika kome hupita baina ya makombe mawili. Nilitambua kombe la tumbo kwa tundu la kikonyo, yaani shina ambalo mnyama hujishikiza nalo, nikahesabu mbavu, nikapima urefu, upana na unene. Kisha, kwa sababu mbavu zilikuwa kali na mdomo umechongoka, niliyaweka yote katika Rinkonelida, mojawapo ya oda (makundi makubwa) za brakiopodi, na kuyagawa katika spishi tatu: madogo yaliyo bapa, ya kadiri, na makubwa yaliyovimba.

Mhakiki aliuliza jambo moja tu: je, mwandishi ameona ndani? Sikuwa nimeona, na swali lile liliniuma kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilisaga magamba tisa, sehemu ya kumi ya milimita kwa kila hatua, nikiuchovya uso uliosagwa katika asidi hafifu na kuunakili kwa filamu ya asetati. Katika Rinkonelida, lofofori, yaani kiungo cha kuchuja chakula, hushikiliwa na vijiti viwili vifupi tu. Mimi nilikuta nyuzi mbili za kalsaiti zilizojizungusha kama parafujo, ncha zake zikielekea kombe la mgongo. Yalikuwa magamba ya Atripida, oda iliyotoweka kabla Devoni haijaisha, wakati Rinkonelida wangalipo baharini hadi leo. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa limefuta ushahidi bora wa umri wa tabaka lile. Nilipochora urefu dhidi ya upana, zile spishi tatu zilijipanga katika mkondo mmoja wa ukuaji: watoto, vijana na wazima wa spishi moja, ambayo tayari ilikuwa na jina.

Mswada mpya, unaoielezea upya spishi hiyo, umekubaliwa mwezi huu. Ndiyo maana ninasema kwa mkazo: pima magamba yote, si yale mazuri tu, na usiamini mbavu. Maumbo ya nje hufanana mara nyingi katika oda zisizo na undugu wa karibu. Anayetaka jina lake lifuate jina la spishi ana wajibu wa kuona ndani kwanza, hata kama kusaga gamba kunamchoma moyo.

Kwa ndugu aliyeniandikia: chagua magamba mawili yasiyo bora kuliko yote, yapige picha pande zote, tengeneza nakala zake za plasta kwa sababu kusaga huyaangamiza, kisha anza kuyasaga kutoka mdomoni. Lililo bora zaidi lihifadhi zima. Ikiwa spishi ni mpya kweli, hilo ndilo litakalokuwa holotaipu, yaani kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi.