Joto na jasho la usiku ukiwa na MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo)
Pole sana dada, kuamka usiku shuka limelowa afu miguu mizito inatisha, nakuelewa kabisa. Ila joto lenyewe haliharibu neva upya, ni kwamba kile kifuniko cha neva kimeshachubuka, kwa hiyo joto la mwili likipanda hata nusu digrii tu ujumbe unapita kwa shida, macho yanaingia ukungu, miguu inalegea, ukipoa vinarudi kawaida. Daktari Uhthoff aliliandika hili tangu 1890, na zamani walikuwa wanamwingiza mtu kwenye maji ya moto ili wampime MS, sahivi hawafanyi hivyo. Mi kinachonisaidia ni kuoga maji ya uvuguvugu wa kupoa kabla ya kulala, feni, na kitambaa chenye maji baridi shingoni na kwenye viwiko vya mikono. Jasho la usiku lakini usilisukumie MS moja kwa moja, linaweza kutokana na dawa, hasa za sonona, au maambukizi, au kukoma hedhi, mwambie daktari tafadhali. Na ukishapoa lakini udhaifu ukakaa zaidi ya saa 24, au una homa, nenda hospitali usisubiri.